Kofia ya msomi

Jamani, leo nimejianika mchana kweupe.

Mnakijua chuo chetu kidogo cha mtaa wa Sydenham, kile ambacho mlinzi anatujua wote kwa majina. Leo ilikuwa siku ya wageni, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuwatembeza na kuwaeleza historia yake. (Nilichaguliwa, au nilijipendekeza. Tuyaache hayo.) Wiki nzima nilikariri karatasi niliyopewa, huku nasuka wateja saluni kwa tantine, shangazi yangu.

Karatasi inasema picha ya kwanza ukiingia ukumbini ni ya mwanzilishi. Haisemi kwamba juzi mafundi rangi walishusha picha zote, wakazirudisha walivyojisikia.

Nikasimama pale. Wageni ishirini mbele yangu, mkuu wa chuo nyuma yao. Nikatangaza kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye aliyeanzisha chuo, msomi mkubwa. Mama mmoja akauliza mbona amevaa kofia ndefu vile. Hapo ningenyamaza. Mimi? Nikasema ni kofia ya wasomi wa zamani. Na lile vazi jeupe? Joho la enzi hizo.

Mzee mmoja wa mtaa wa Chatsworth, wa jamii ya Wazanzibari walioletwa huku zamani, akanisogelea. Akasema kwa Kiswahili, polepole, "Binti, huyo ni baba yangu. Alikuwa mpishi hapa. Hilo joho ni aproni."

Eish.

Mkuu akauliza mzee anasema nini. Hakuna mwingine aliyeelewa, ningeweza kudanganya. (Niliwaza, sitaficha.) Nikawatafsiria yote, hadi aproni. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkuu, uso umemwiva, akaniambia tuhamie kwa mwanzilishi, aliyekuwa ametundikwa karibu na choo.

Nikamjibu, "Samahani, Madame. Mtoto wa mpishi iko hapa. Tumsikilize kwanza."

Mzee akasimulia, mimi natafsiri. Baba yake alipika pale miaka thelathini. Likizo, wanafunzi wasio na pa kwenda aliwachukua kwake wakala na wanawe. Leo yeye alikuja kuangalia tu kama picha bado iko. Kicheko kikakatika chenyewe.

Mkuu anasema Jumatatu picha itarudishwa jikoni. Nimemuuliza kwa nini isibaki hapo ukumbini.

Nimeumbuka, sikatai. Ila wageni wa mwezi ujao nawatembeza mimi tena, nimeshajiandikisha. Mwenye kicheko akimalize leo.