Kanuni Mia na Kumi na Mbili za Mwizi Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mhariri mkuu amestaafu leo. Keki, soda, hotuba ndefu. Nimepiga makofi kuliko wote. Kiti chake ni changu! Miaka kumi na tisa nasahihisha Kiingereza cha watu katika kampuni hii ya vitabu. Nani mwingine?

Saa nane Mkurugenzi akatuita. Akasema bodi itachagua mrithi mwezi huu huu, na itaangalia kitabu kipya tunachokitoa: mwongozo wa kanuni za Kiingereza kwa wahariri, wasoma prufu na waandishi. Aliyeuandika? Mwalimu. Tunamwita hivyo kwa sababu alitoka darasani miaka mitatu iliyopita, mikono ina chaki, hajui hata prufu, zile kurasa za kusahihishwa kabla kitabu hakijachapwa, inashikwa vipi. Mimi ndiye niliyemfundisha! Nikatabasamu mbele ya watu. Taya linaniuma mpaka sasa.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu alipokwenda kunywa chai nikauchungulia mswada wake. Nusura nizirai. Kanuni ya tisa, kuhusu koma kabla ya kitu cha mwisho kwenye orodha: yangu! Niliiandika pembeni mwa prufu ya kitabu cha jiografia. Kanuni ya thelathini, sentensi ikatwe kabla msomaji hajasahau nani alitenda: yangu, nilimwambia kwenye ngazi, nimeshika kikombe. Kanuni ya sabini, usimsahihishe mwandishi kwa sababu tu wewe ungeandika vingine: yangu pia, ingawa mwenyewe siifuati. Nikahesabu hadi mwisho. Mia na kumi na mbili, zote zangu! Ameokota kila nilichowahi kukiandika pembeni mwa kurasa. Mwizi wa mchana kweupe!

Nimemweleza mama watoto. Akaniuliza kama nimezungumza na Mwalimu mwenyewe. Nikamwambia mwizi hasemeshwi. Akasema basi hana la kunishauri, maana mimi hata cheti cha ndoa nilikipiga kalamu mbele ya msajili. Kilikuwa na kosa!

Alhamisi, 6 Machi

Mpango umeiva. Hapa kazini tuna utaratibu wetu: msomaji wa mwisho akishatia sahihi kwenye jalada la prufu, hakuna anayegusa kitu tena. Hata mwandishi mwenyewe haruhusiwi kuiona. Nikaenda kwa Mkurugenzi, nikajitolea kuwa msomaji wa mwisho wa ule mwongozo. Akafurahi mno. Akaninong'oneza kwamba wajumbe wa bodi ni watu wa shughuli nyingi, watasoma kurasa za mwanzo tu. Asante, bwana mkubwa!

Lengo langu: makosa mia tatu. Prufu irudi nyekundu tupu. Nataka Mwalimu ashindwe kuinua uso.

Ijumaa, 7 Machi

Makosa manne. Manne! Mawili kati ya hayo ni mimi niliyemfundisha vibaya.

Nikaona isiwe tabu, nikatia koma hamsini mahali pasipostahili. Baada ya chakula cha mchana nikazifuta zote, moja moja. Sikuweza. Mkono ulikataa katakata. Laana gani hii, kushindwa hata kuharibu!

Zikabaki kurasa za mwanzo. Ukurasa wa tano, kichwa cha habari: Shukrani. Nikaufunika kwa kiganja upesi. Nazijua shukrani za watu wa namna hii. Namshukuru mama yangu, namshukuru Mkurugenzi kwa kuniamini, najishukuru mimi kwa kuwa mimi. Na hapo ndipo bodi itakaposoma! Sikuupa heshima ya kuusoma. Nikapiga mstari mmoja kutoka kona hadi kona, nikaandika FUTA, nikatia sahihi kwenye jalada. Mpanga kurasa akanipigia simu kuuliza kama nina hakika na ukurasa wa tano. Nikamuuliza sahihi ile ni ya nani. Akasema haya mzee, wewe ndiye wa mwisho.

Leo nimekula sahani mbili.

Jumatano, 19 Machi

Kitabu kimetoka. Kizuri, kwa bahati mbaya. Bodi ilikutana asubuhi, na saa sita tangazo likabandikwa ubaoni: mhariri mkuu ni Mwalimu. Nikalisoma mara tatu nikitafuta kosa. Halina. Watu wakamkumbatia, wengine wakapiga vigelegele. Mimi nikajifungia chooni nikalia. Ndiyo, nimelia. Shajara ni yangu, naandika nitakacho. Miaka kumi na tisa, jamani!

Alhamisi, 20 Machi

Mwalimu amekuja mezani kwangu. Akaniamkia shikamoo kama kawaida yake. Macho yamemvimba. Akaniuliza amenikosea nini hata nikazikataa shukrani zake. Nikamwambia shukrani zipi? Akatoa karatasi mkobani. Ukurasa wa tano, kama alivyouandika.

Safari hii niliusoma. Ulisema kanuni zote mia na kumi na mbili ni za mtu mmoja, jina langu limeandikwa lote, herufi zote sawasawa. Ulisema yeye ni mkusanyaji tu. Ulisema kampuni ikitafuta mhariri mkuu isihangaike kwenda mbali, yupo meza ya dirishani.

Mkurugenzi akapita, akanishika bega. Akasema mpanga kurasa aliwasimulia wajumbe wa bodi jinsi nilivyolifuta jina langu kwa mkono wangu. Walistaajabu. Wakaona mtu asiyependa hata kutajwa, kumtwika kiti cha ukuu ni kumwonea. Nikasema asante. Ningesema nini? Kwamba sikusoma? Mimi, msoma prufu?

Mama watoto alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha akanishika mkono. Hapo ndipo iliponiuma zaidi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimetafakari siku nne nzima. Kosa si langu. Mtu mwenye nia njema husema mambo yake kwa mdomo, hayafichi kwenye ukurasa usiosomwa na mtu. Alinitega yule!

Asubuhi nimekuta bahasha juu ya meza yangu. Nene. Mwandiko wa Mwalimu. Kwenye kona ameandika tafadhali, jibu lipatikane leo. Mnaona? Hajamaliza wiki kitini, ameshaanza kunituma! Najua kilichomo: maagizo, na juu ya hayo kunihurumia. Nikaitia yote kwenye mashine ya kukatia karatasi. Ikatoka nyuzi nyuzi.

Saa tisa katibu muhtasi wa Mkurugenzi akapiga simu, akauliza kama nimeisoma barua. Nikasema nimeisoma yote, neno kwa neno. Akauliza kama nakubali. Nikasema sikubali hata mstari mmoja. Akaniuliza tena, polepole, kama anaongea na mgonjwa, kama kweli nina hakika, maana Mwalimu ameibembeleza bodi siku mbili mpaka ikakubali. Nikamwambia aendelee kubembeleza mpaka sauti imkauke, mimi nimeshasema. Akashusha pumzi. Akauliza basi cheo cha naibu mhariri mkuu, na ile ofisi iliyokwishapakwa rangi, apewe mtu mwingine?

Nikamjibu wampe wamtakaye, ofisi za watu zinanihusu nini mimi! Nikakata simu kabla yake. Angalau leo nimewashinda.