Fimbo ya Kupimia Mfereji

Alhamisi, 14 Machi
Barua imetoka ofisi ya maji ya serikali, Santa Fe. Shamba langu limekaa kavu miaka mitatu. Likikauka na mwaka huu, haki yangu ya maji imekwenda. Haki ya tangu babu wa babu yangu! Thubutu! Pilipili nitapanda na maji nitayapata. Tatizo moja tu: asiyezibua mfereji hapewi zamu. Kuzibua ni keshokutwa, na mgongo wangu na beleshi hatupatani kabisa.

Ijumaa, 15 Machi
Wazo limenijia nikila maharage. Doña Eulogia, msimamizi wa mfereji, humpimia kila mtu kipande chake: fimbo kumi, si zaidi. Fimbo ikifupika, kipande kinafupika! Nayo hukaa nyuma ya mlango wa kanisa. Nimeingia na msumeno, nikapiga magoti kama mtu wa sala, nikakata shubiri moja. Shemeji yangu Belarmino akanikuta natoka. Akauliza tangu lini nasali na msumeno. Nikamjibu kwamba Mtakatifu Yosefu alikuwa seremala. Nimemweza.

Jumamosi, 16 Machi
Balaa. Tulikuwa watu thelathini. Doña Eulogia alianzia juu, mtoni, akipima na kuchomeka vijiti. Mimi mwisho, kama ilivyo desturi, maana shamba langu ndilo la mwisho. Wenzangu wakafurahi: mwaka huu kazi nyepesi! Akafika kwangu. Akatazama mfereji uliobaki. Akatazama fimbo.

Nilisahau jambo dogo. Wa mwisho hapimiwi. Huchukua kilichobaki. Wapunguzie watu ishirini na tisa shubiri kumi kumi, uone kinachobaki!

Nikapinga. Nikasema mfereji umerefuka. Belarmino hoi kwa kicheko, ati pole shemeji, kamwite yule seremala akusaidie. Doña Eulogia hakucheka. Alisema, Don Onésimo, maji nayafungulia Jumatatu asubuhi, usipomaliza huna zamu. Nikamwambia nitamaliza, wapende wasipende.

Jumapili, 17 Machi
Nimechimba tangu misa ilipokwisha. Tope, mizizi ya mierebi, malengelenge. Belarmino kaja na kiti. Kaketi ukingoni anakula, ananiambia pale nimeacha jani. Ningemrushia beleshi, ila nalihitaji. Nimemaliza jua likizama. Nimemaliza!

Jumatatu, 18 Machi
Maji! Yamekuja mekundu, yanasukuma majani makavu, yakaingia shambani kwangu. Nimelia, nakiri. Haki ya babu iko palepale, na aliyetaka kuichukua akachukue ya kwao.

Doña Eulogia kachonga fimbo mpya ya urefu wa zamani. Kisha katangaza mbele ya wote: mwakani mimi nasimama wa kwanza, mtoni kabisa, na nafasi yangu ya mwisho apewe Belarmino. Eti apate kuniangalia kwa karibu yeye mwenyewe. Wamecheka sana.

Wacheke. Kanisa halifungwi, na mwaka ni mrefu. Safari hii sikati, naunga. Shubiri mbili nzima! Fimbo ikiwa ndefu mfereji utaisha upesi, nami, niliyeanza wa kwanza, nitakuwa wa kwanza kwenda nyumbani.