Mama wa Ukurasa wa Arobaini na Mbili

Kwa waraka wenye mihuri mitatu, Mkuu wa Chuo alitangaza kuwa wizi wa maandishi umekomeshwa kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi. Kamati ya Vyanzo ikaundwa, ikapewa chumba, feni na chupa ya chai. Mfagizi aliyesema ofisi imejaa vumbi aliulizwa habari hizo kazitoa wapi, mwaka gani, ukurasa wa ngapi.

Wa kwanza kunaswa alikuwa katibu muhtasi wa Mkuu mwenyewe. Miaka sita alisomea shahada kwa kujinyima chakula cha mchana, na sasa kurasa thelathini za tasnifu yake kuhusu ukunga zilifanana neno kwa neno na kitabu kipya cha Mkuu. Adhabu ilikuwa kunyimwa shahada na kufukuzwa kazi. Ni kweli tasnifu hiyo ilikaa mezani kwa Mkuu mwaka mzima ikisubiri saini, lakini Kamati iliona jambo hilo liko nje ya ajenda.

Katibu muhtasi akasimama mbele ya Kamati.

"Waheshimiwa, naomba msome ukurasa wa arobaini na mbili. Wa kitabu cha mzee."

Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma: "Haya nimeyapata kwa mama yangu mzazi, mkunga, tukiwa jikoni kwetu, chini ya paa linalovuja."

"Huyo ni mama yangu," akasema katibu muhtasi. "Yu hai, na paa bado linavuja."

Wajumbe wakamgeukia Mkuu, aliyeketi karibu na feni. Akakohoa. Akimkana mama, atakuwa amezikana na kurasa.

"Ni mama yangu," akasema bila kupepesa macho.

"Mmoja na wa huyu?" akauliza Mwenyekiti.

"Huyo huyo."

Mwenyekiti, aliyehutubia kwenye mazishi ya mama wa Mkuu miaka kumi iliyopita, aliandika hivyo hivyo. Kamati ikaamua kuwa ndugu wa tumbo moja hawaibiani maneno ya mama yao. Tasnifu ikapita. Mkuu akatia saini muhtasari wa kikao.

Katibu muhtasi akaikunja nakala yake, akaitia mkobani. Moyo ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetua ndoo.

"Asante, kaka. Basi Jumamosi zamu yako. Mama hajigeuzi siku hizi, anaogeshwa saa kumi na mbili asubuhi. Uje na misumari ya paa."

Mkuu akamtazama Mwenyekiti, akitafuta msaada. Mwenyekiti alikuwa bado anaandika.

"Saa kumi na mbili, na misumari," alisoma taratibu. "Chanzo: dada yake."