Feni ya Ujirani Mwema

Jumatatu, 10 Julai 1972

Joto la Washington leo! Hata mawazo yanatoka jasho. Lakini wazo moja limetoka zima. Wale wenzetu waliokamatwa mwezi uliopita wakitega vinasa sauti kwenye ofisi za wapinzani walikosea jambo moja tu: waliingia wenyewe. Mimi, Wendell Tuttle, siingii popote. Wapinzani watakipokea kinasa sauti kwa mikono yao! Bosi wangu wa kampeni, Bwana Whitcomb, ameahidi kwamba nikimletea siri zao, Rais akishinda tena nitapewa meza Ikulu. Meza! Nimemwambia mke wangu Darlene aanze kuchagua mapazia. Akaniuliza tangu lini meza ikavaa mapazia. Hana maono.

Jumanne, 11 Julai

Nimeficha kinasa sauti ndani ya feni kubwa ya ofisi yetu. Nikavuka nayo barabara hadi kwa Lorraine Petrakis, anayeongoza wapinzani hapa mtaani. Nikamwambia ni zawadi ya ujirani mwema, siasa si uadui. Akanitazama juu hadi chini, akashukuru. Mbumbumbu! Nusura nicheke.

Jumatano, 12 Julai

Nimeshinda garini nikisikiliza kinasa sauti kwa redio. Vuuuuuu. Kutwa nzima, vuuuuuu! Saa kumi na moja jioni wakaizima feni, nami nikasikia vizuri kabisa mlango ukifungwa. Wameenda makwao. Bwana Whitcomb akapiga simu kudai siri. Nikamwambia wapinzani wana jambo kubwa, linazunguka mchana kutwa. Sijadanganya.

Alhamisi, 13 Julai

Balaa. Kumbe ofisi yetu ilikuwa na feni moja tu! Akina mama wanaotujazia barua za kampeni kwenye bahasha wamefika, wamejifuta jasho, wamevuka barabara. Wote! Na aliyewaongoza ni Darlene. Nikamkimbilia, nikamkumbusha viapo vya kanisani. Akasema aliapa kuishi nami kwa shida na raha, kuchemshwa hakukutajwa. "Kajaze mwenyewe, mheshimiwa wa Ikulu!" Mtaa mzima umesikia. Nimeumia sana.

Ijumaa, 14 Julai

Bwana Whitcomb anatetemeka. Wapelelezi wanauliza maswali kila ofisi. Ameniamuru nikitoe kile kidude leo leo, la sivyo meza nisahau. Akasema atasikiliza mwenyewe garini mwake, ahakikishe.

Mchana wapinzani wakaenda kula soseji bustanini. Nikaingia. (Ndiyo, nimeingia. Mara moja si kitu.) Nilikuwa nimeinamia feni, bisibisi mkononi, waliporudi. Lorraine, kwa lile joto, akabonyeza swichi kabla hajaniona. Feni ikala tai yangu! Ikanivuta hadi pua ikagusa wavu. Wakaizima wakicheka machozi.

Nikasema nimekuja kuitia mafuta. Darlene akauliza mafuta yako wapi. Nikasema yameisha. Akauliza na hicho kidude kinachoning'inia ni nini. Hapo nikafikiri haraka, nikasema ni cha Bwana Whitcomb, yeye ndiye aliyenituma. Kupitia dirishani nikaona gari lake likiondoka kwa kasi.

Lorraine akanikatia tai kwa mkasi, taratibu. "Jirani, tunajua tangu Jumanne. Nani anagawa feni kwenye joto la mwezi wa saba? Tumekuacha tu, maana feni yako ni nzuri."

Jumamosi, 15 Julai

Bwana Whitcomb amewatangazia waandishi wa habari kwamba hajawahi kukutana na mtu aitwaye Tuttle. Ni yeye aliyenisimamia siku ya harusi yangu! Meza imekwenda. Nimelia kidogo, bafuni. Darlene ameniletea chai ya barafu, akaniomba niahidi kwamba nimekoma. Nimeahidi.

Jumapili, 16 Julai

Nimewaza kanisani mahubiri yote. Nimegundua kosa langu: feni inavuma! Ila Novemba kutakuwa na baridi, na kipasha joto hakivumi hata chembe. Bwana Whitcomb amesahau kuninyang'anya ufunguo. Pale ofisini, nyuma ya kabati, kipo kizuri, chenye tumbo kubwa. Lorraine atashukuru sana. Bahati nzuri kipo kimoja tu, sitahangaika kuchagua.