Eti Sina Historia

Kwa Meneja wa Ofisi ya Taarifa za Wakopaji,

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na faili lako. Mimi si mzima sana. Ni fundi makochi, kibanda changu kiko nyuma ya duka la rangi, na ninakuandikia kwa heshima yote niliyobakiwa nayo baada ya kupita dirishani kwenu.

Kisa ni hiki. Nimepata kazi ya kuvisha upya viti vyote vya ukumbi wa mikutano. Ni ngozi nzito, na cherehani yangu ikiona ngozi nzito huvunja sindano na kunuka moto. Nikaenda benki kuomba mkopo wa cherehani kubwa. Wakaniambia nije kwanza kwenu nikaangalie faili langu la mikopo, maana wao hawalielewi. Nikaja na mama mkwe, ambaye miaka yote hii anatafuta ushahidi kwamba binti yake aliolewa ovyo. Binti wa dirishani akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya kutangaza msiba: "Baba, huna historia."

Mama mkwe akasema, "Nilijua." Tangu siku hiyo hajaongeza neno. Anatabasamu tu.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kama ifuatavyo:

1. Historia ninayo. Nilizaliwa, tena kwa shida, muulizeni shangazi. Niligombea uenyekiti wa mtaa nikashindwa na mtu aliyekuwa safarini. Nina ndoa, watoto wanne, na ngiri iliyopasuliwa. Binti yenu akanieleza kuwa historia mnayoitaka ni ya kukopa na kulipa tu. Jamani! Nani kawaambia mtu huanza kuishi siku anayokopa benki?

2. Hata hiyo ya kukopa ninayo! Faili linasema: "Hakuna deni lililorekodiwa." Huku ni kunichafulia jina. Mtaani kwetu mtu asiyedaiwa ni mtu asiyeaminika, hakuna aliyethubutu kumkopesha hata kiberiti. Mimi ninadaiwa na mwenye duka, mama wa maziwa, kinyozi, na shemeji yangu ambaye namlipa kidogo kidogo kwa mito ya kochi. Wote nawalipa, ingawa si kwa siku wanazozitaja wao. Naomba madeni yangu yaandikwe yote, kwa wino mzito.

3. Nilipomweleza hayo binti yenu, alisema madeni ya dukani hayahesabiki kwa kuwa mwenye duka haleti taarifa kwenu. Basi nikamwendea mwenye duka, nikamsihi aje anishitaki. Akakataa katakata! Eti mimi ni mteja mwema. Unaona, mheshimiwa? Wema wangu ndio unaoniponza. Jirani yangu fundi friji alikopa benki, akaingia mitini, akarudi, akalipa nusu. Yeye faili lake lina kurasa tele, na mlinzi wenu humwita kwa jina.

4. Hili ni la polisi. Kwenye karatasi mliyonichapishia, chini kabisa, mmeandika waliolifungua faili langu. Benki wamo, sawa, niliwaruhusu mwenyewe. Lakini yumo na mtu mwingine anayejiita Mhusika Mwenyewe. Simjui! Si wa ukoo wetu, na mtaani hatuna familia ya kina Mhusika. Kalifungua faili siku ileile niliyokuja, saa ileile, maana yake alikuwa nyuma yangu kwenye foleni akinipumulia kisogoni. Wiki iliyofuata nikarudi kuuliza, nikachapishiwa karatasi nyingine: kapita tena. Nilipomwuliza binti wa dirishani, alicheka mpaka akalaza kichwa mezani, jambo linalonitia shaka kwamba wanafahamiana. Naomba akamatwe.

5. Kwa kuwa ninyi ndio mlionifutia maisha, ni haki mnitengenezee mengine. Ofisi yako inikopeshe fedha ya cherehani, nami nitachelewa kulipa kwa kiasi mtakachoona kinafaa, ili historia inoge. Kisha wewe mwenyewe, Mheshimiwa, ufike nyumbani umwambie mama mkwe kwa kinywa chako kwamba mimi ni mtu. Hili ndilo linaloniuma hasa. Mwenye ukumbi ameanza kuulizia fundi mwingine, na mimi nyumbani kwangu nakula nimeinamisha kichwa.

Nisalimie wote hapo ofisini, wakubwa kwa wadogo, pamoja na mlinzi, na binti wa dirishani akishamaliza kucheka.

Ndimi, mwenye subira iliyokwisha na historia isiyokwisha,

Fundi Makochi

Nyongeza: Tafadhali usifanye lolote kati ya hayo niliyoyaomba. Barua hii ilikuwa mezani ikisubiri stempu, mama watoto akaisoma. Akaingia chumbani, akatoka na karatasi za faili lake kutoka ofisini kwako. Lo! Kumbe mwenzangu anakopa na kulipa tangu mtoto wa pili. Bati linalotufunika limo. Ada za shule zimo. Hospitali ya ngiri yangu, niliyodhani alinilipia kwa akiba ya kibubu, imo, na mbele yake pameandikwa "imelipwa kwa wakati". Nimesoma ukurasa kwa ukurasa, Mheshimiwa, na nimeyaona maisha yangu yote, ila jina la juu si langu. Kwa hiyo binti yenu alisema kweli, mwombeni radhi kwa niaba yangu. Leo asubuhi mama watoto kakubaliwa mkopo wa cherehani kubwa, bila maswali. Faili langu liacheni tupu hivyohivyo. Nina mdai mmoja sasa, na huyo hahitaji kompyuta: nikichelewa kulipa, atajua kabla sijavua viatu.