Turudishiwe Ukijani wa Mwani

Kimwani, Muleba

Ndugu Mhariri,

Bi. Evelyne Kyaruzi, mtafiti wa chakula kutoka Bukoba, alitutangazia Jumapili baada ya misa kwamba amefanikiwa kupunguza ukijani wa mwani wa bwawani, ule utando tunaoukwangua kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Anauotesha gizani, ndani ya mapipa yaliyofunikwa, na unga wake sasa una rangi ya samli. Anataka uchanganywe kwenye uji wa shule yetu, na akina mama aliwagawia pakiti za kujaribia nyumbani. Wazazi wataamua kwa kura.

Mimi ndiye ninayeongoza wanaoukataa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwani wa kwanza, ule wa kijani aliotuletea mwanzoni, ulikuwa mwaminifu. Uji uligeuka kijani, na hata mtoto wa chekechea alijua pa kuumwaga. Huu wa sasa mtu ataukataaje asipouona?

2. Hakuna aliyetuuliza kama kijani kinatusumbua. Senene wa kijani, panzi wetu wa msimu, tunawala, tena kwa kugombania, na hakuna mtafiti aliyewahi kuwafungia gizani.

3. Niliapa mbele ya jumuiya nzima kwamba utando huo hautapita kinywani mwangu. Jumamosi mke wangu, Kokugonza, alipika ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, mchuzi mzito kuliko kawaida. Niliomba kuongezwa mara mbili. Akaniuliza mbele ya mdogo wangu Karugendo, "Baba Avit, leo unakula na sufuria?" Wakacheka wote wawili. Aliyekula maharage matupu hachekwi hivyo.

4. Kokugonza sasa anadai kitenge kipya, kama desturi yetu inavyomtaka mume anapoandaliwa senene. Nikimnunulia, nimekiri nilichokula. Nisipomnunulia, wakwe zangu watauliza kwa nini sahani ilirudi safi.

Kwa hiyo naomba ukijani urudishwe. Ikishindikana, iamriwe kwamba kila sufuria yenye mwani ifunikwe kwa jani bichi la mgomba, tuitambue. Nafahamu kwamba sufuria zote za Kimwani hufunikwa hivyo. Basi hizo nyingine zibaki wazi.

Wasalimie wote hapo ofisini, na wachapaji, na anayewapikia chai.

Wako katika kutafuta haki,
Dastan Mushumbusi

N.B. Ukimwona Bi. Evelyne hapo mjini, mwombe anitumie pakiti moja kwa basi. Ya nyumbani imekwisha, na mchuzi wa jana ulikuwa maji tu. Kura ni Jumanne ijayo, saa nne asubuhi, shuleni. Nitainua mkono wa kukubali, ila nitakaa benchi la nyuma.