Kutu ya Majani kwenye Mkono Wangu wa Kushoto

Kwa Dada Mitchell,
Mchora Tatuu, juu ya duka la mbegu,
Thika.

KUH: TAWI LA KAHAWA LILILOHARIBU UCHUMBA WANGU

Mpendwa Dada,

Pokea heshima zangu. Nakuandikia kwa mkono wa kulia kwa sababu wa kushoto uko chini ya uchunguzi. Mimi si mshamba. Kampala nimefika mara mbili, na Doha nimelala, ingawa kwa kiti cha uwanja wa ndege. Sanaa naijua.

Ulinifundisha maana ya mimea: waridi ni mapenzi, lavenda ni utulivu. Nikachagua tawi la kahawa, yaani subira, nikakuletea na tawi lenyewe la kunakili, ili nikienda kujitambulisha kwa kina Wamboi mchumba wangu, wakulima wa kahawa huko Mugutha, waone mkwe amefika. Jumamosi nikaenda. Nikakunja shati kupokea chai. Malalamiko ni haya:

1. Laini zako ni nyembamba mno! Wenzako huchora jani likawa jani tu. Wewe umechora mpaka mishipa, na vidoa vyote. Mzee Mburu, baba mdogo wa Wamboi, bwana shamba mstaafu, alivaa miwani akanishika kama anayekagua ng'ombe. Akasema, "Hii ni kutu ya majani. Na imeingia sana."

2. Chai ikasimama. Wazee wakaanza kubishana juu ya dawa. "Nyunyiza kabla ya mvua!" "Aca, hapana, huo ni wa kukata, uchomwe!" Kumbuka, Dada, wanazungumzia mkono.

3. Tawi halina tunda hata moja. Mama Wamboi alikagua kila kifundo, akaniuliza kwa upole, "Na hii yako, kijana, huzaa lini?" Wamboi alicheka mpaka akatoka nje. Hata mimi ningetoka, lakini nilikuwa nimeshikwa.

4. Hukumu ikapita: mwanaume anayetembeza mti mgonjwa mwilini bila aibu, atamtunza binti aje? Nisirudi mpaka nipone. Nami Wamboi nampenda, Dada, hapo sina mzaha.

Kwa hivyo naomba ufute vidoa vyote, uongeze matunda kumi na mawili yaliyoiva, uandike cheti chenye muhuri kwamba mti umetibiwa, na uje Mugutha Jumamosi ukiwa umevaa gambuti kama mtaalamu. Ukikataa, nitaupeleka mkono huu ofisi ya kilimo, na itabidi niandamane nao.

Salamu kwa mumeo, watoto, mama wa mbegu hapo chini na paka wake.

Ni mimi, mgonjwa wako,
Kagwe wa Ruiru

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Mama Wamboi amepiga simu. Alichukua picha ya mkono wangu akazunguka shamba lake mti kwa mti. Ngai! Kando ya ua ameupata mti wenye vidoa vile vile. Ikabidi nikiri: lile tawi nililokuletea likiwa limefungwa kwa gazeti nililivunja hapo hapo kwake, nikimsubiri Wamboi. Kisha akasema hajawahi kuona mkwe wa kugundua ugonjwa mapema hivi, miti mingine itapona, nirudi Jumamosi na nisiache mkono nyumbani.

Kwa hivyo usifute hata kidoa kimoja. Na matunda usiongeze. Mama amesema hiyo ni kazi yangu na Wamboi.